Kasongo Amejibu

SEHEMU YA KWANZA

Kaseti ilifika mjini Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo, ikiwa imefungwa ndani ya kipande cha kikwembe, kikwembe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko umezikwa katikati ya gunia la mchele ili mvua ya njiani ikitaka kuharibu kitu, ianze na mchele. Aliyeileta alikuwa msichana mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kabambare, aliyeomba ruhusa kazini siku chache kabla ya Ramadhani ya 2025. Bibi yake alimpa sharti moja tu.

"Mpe fundi aitengeneze. Nataka nimsikie babu yako kabla sijafa. Lakini wewe usisikilize."

Sharti la ajabu. Fundi gani anatengeneza kaseti bila kuipiga?

Papa Fundi ana banda lake sokoni, chini ya mwembe. Vijana humletea simu zilizoingia maji na taa za sola. Redio-kaseti huletwa na wazee, na wazee kila mwaka wanapungua. Lakini yeye hakuanzia kwenye simu. Ujanani alivuka Ziwa Tanganyika, akaendelea mpaka Nairobi, akaajiriwa kwenye duka la santuri River Road, mtaa ambao miaka ile ndio uliokuwa soko la muziki la Afrika Mashariki nzima. Aliporudi Kasongo alirudi na bisibisi, sanduku la santuri na tabia ya kubishana juu ya nani aliimba nini kwanza.

Akaigeuza kaseti mkononi. TDK, dakika 60. Pedi ndogo inayoubana utepe ilikuwa imebanduka, na utepe wenyewe umekatika karibu na mwanzo. Alifungua skrubu, akaunganisha utepe, akakata pedi mpya kwenye kipande cha sufi. Kichwa cha redio alikisafisha kwa pamba iliyochovywa kwenye pombe ya lotoko, huku akisema astaghfirullah, kwa kuwa yeye ni mtu wa msikitini na chupa ile huiweka kwa ajili ya kazi tu, au ndivyo anavyowaambia wenzake. Mkanda wa mota ulikuwa umelegea. Akakata mpya kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki.

"Haya, mama, ziba masikio."

Hakuziba.

Kwanza ulisikika mkwaruzo mrefu. Kisha gitaa moja, halafu sauti ya mwanamume, nyembamba, yenye kujiamini. Hajamaliza hata ubeti mmoja, kijana wa pikipiki aliyemleta msichana, aliyekuwa ameegemea nguzo akingojea malipo yake yaliyobaki, akaruka.

"Mzee! Huu si ule wa Wakenya?"

Akatoa simu yake. Kweli, wimbo ulikuwa humo. Mwisho wa 2024 Wakenya walikuwa wameufufua, wakampachika Rais William Ruto jina la Kasongo, na video zake zikavuka mipaka mpaka zikafika kwa waendesha pikipiki wa Maniema. Hapa mjini watu walifurahi kupita kiasi. Wako walioapa kuwa mji wao umeimbwa, na huwezi kuwaambia kitu, ingawa Kasongo wa wimbo ni mwanamume aliyeikimbia nyumba yake, na mkewe anamsihi kwa Kilingala arudi.

Papa Fundi hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hakukibonyeza.

"Mama, huyu babu yako alifariki mwaka gani?"

"1964. Vita ya waasi wa Simba. Mama yangu alikuwa bado ananyonya. Babu alichukuliwa, hakurudi, na maiti yake haikuonekana. Koko, bibi yangu, alikaa matanga, arobaini ikasomwa. Watu wote wa Kabambare wanajua."

"Watu wote wa Kabambare," alirudia fundi taratibu. "Wimbo huu ni wa Orchestra Super Mazembe. Umetoka Nairobi mwaka 1977. Santuri zake nimeziuza mimi, kwa mikono hii. Sasa niambie, mama. Marehemu alijifunzia wapi?"

SEHEMU YA PILI

Mwalimu hakubali kushindwa upesi. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kama anayesahihisha daftari.

"Labda wao ndio walioiga. Babu aliimba kwanza, wao wakamsikia."

Papa Fundi alitabasamu. Hoja ilimpendeza. Ndiyo kazi aliyokuwa ameikosa tangu River Road.

"Vizuri. Tuanze na kaseti yenyewe. Philips waliionyesha kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Unadhani mwaka uliofuata, katikati ya vita, ilikuwa imeshafika Kabambare? Na hii ni TDK. Hiyo moja. Ya pili, sikiliza anavyopiga."

Akarudisha nyuma, akapiga tena. Mwimbaji alifika katikati ya wimbo, akanyamaza, akavuta pumzi, ndipo akaingia kwenye sebene, sehemu ya gitaa.

"Umesikia anaposita? Nyimbo ndefu za siku zile zilikatwa vipande viwili ili zienee kwenye santuri ndogo. Upande wa kwanza ukiisha, unainuka, unaigeuza. Huyu mtu kajifunza kwa santuri, na pale pa kugeuza amepaiga pia. Mwigaji hodari huiga hata kikohozi."

Super Mazembe wenyewe, aliendelea, walitokea huku huku Kongo. Walianza mwaka 1967 wakiitwa Super Vox, wakapita Zambia, na mwaka 1974 wakafika Nairobi chini ya Longwa Didos. Huo wimbo ni utungo wa Katele Aley. Na wao pia ni waigaji, tena wa kiwango. "Shauri Yako" aliitunga Nguashi N'timbo, akaipiga na Orchestra Festival du Zaïre. Mazembe wakaipiga upya kwa sauti ya Lovy Longomba, na leo ukimuuliza mtu barabarani ataapa kuwa ni yao tangu mwanzo. Nguashi amebaki kwa wabishi wa aina ya Papa Fundi.

"Lakini kuna kitu kingine hapa," alisema. "Huyu babu yako hakuiga tu. Amegeuza."

Wote watatu wakainama juu ya redio. Katika wimbo wa Nairobi mke ndiye anayelia. Kwenye kaseti, mume anajibu. Tuni ni ile ile, gitaa lile lile, ila sasa ni Kasongo anayesema: nimekusikia, lakini njia ya nyumbani ina macho. Msichana alisisimka mwili mzima.

Fundi alifungua sanduku lake, akatoa jalada lililoliwa na mende. Aretha Franklin.

"Mwaka 1965 Otis Redding aliimba wimbo unaoitwa 'Respect'. Mwanamume anarudi nyumbani, anamwomba mkewe heshima. Wimbo mzuri, sikatai. Februari 1967 Aretha akaingia studio za Atlantic, New York, dada zake Erma na Carolyn wakimwitikia. Akaugeuza. Sasa mwanamke ndiye anayedai, na haombi, anaamuru. Akaongeza na mahali pa kulitaja neno lenyewe herufi kwa herufi, ambapo kwa Otis hapakuwepo. Juni ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwezi huo huo, jukwaani Monterey, Otis akatania kwamba kuna msichana amemchukulia wimbo wake. Desemba akafa kwa ajali ya ndege, na wimbo ukabaki kwa Aretha mpaka leo."

"Papa Fundi, hayo yanahusu nini na babu?"

"Yanahusu hivi. Mtu akigeuza wimbo namna hiyo, ujue kuna anayemjibu. Hakuna anayejibu ukuta."

Aligeuza kaseti upande wa B.

Huku hapakuwa na wimbo mwanzoni. Palikuwa na chumba. Kijiko kikigonga sufuria, mtu akisogeza kiti. Halafu, kwa mbali, adhana ya magharibi, na kabla haijaisha, kengele ya kanisa. Papa Fundi alifumba macho. Kasongo ni jimbo la askofu tangu 1959, na Uislamu uko hapa tangu siku za Tippu Tip. Mtu aliyezaliwa katika mji huu anajua kwa masikio, bila kuangalia dirishani, nyumba ipi hupata adhana na kengele kwa pamoja.

"Kaseti hii imerekodiwa hapa hapa," alisema. "Si zaidi ya mwendo wa dakika kumi kutoka tulipokaa."

Kijana wa pikipiki alikuwa ameshainua simu yake juu ya redio, taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka. Hakuna aliyemkataza. Hakuna hata aliyemwona.

Gitaa likaanza. Mwanamume akaimba jibu lake, ubeti mzima. Kisha ikaingia sauti ya pili, ya mwanamke, ikaimba maneno ya mke kama yalivyo kwenye santuri. Alikosea sehemu moja, akacheka, akaambiwa kitu kisichosikika, akaanza tena. Kicheko kile kilikuwa na mkoromo mdogo mwishoni.

Msichana alinyoosha mkono, akaizima redio mwenyewe.

"Rudisha."

Ikarudishwa. Kicheko. Mkoromo.

"Ni Koko," alisema.

Papa Fundi hakuuliza kama ana hakika. Msichana alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mchele, anahesabu kwa vidole kama anavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Wimbo 1977. Santuri mpaka ifike huku, tuseme 1978. Na nyumbani kwao Kabambare yuko mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye ukoo wa babu haujawahi kumpa hata mchikichi mmoja, haujawahi kumwita kwenye kikao cha arusi wala cha msiba. Mtoto wa nje, husema. Mjane kajizalia. Mama mtu kila siku aliyameza hayo akaendelea kutwanga.

Mjomba alizaliwa 1979.

Simu ya msichana ikaita mfukoni. Akaitoa, akatazama kioo. Alikuwa mjomba.

"Umefika salama?" aliuliza mjomba bila salamu ndefu. "Koko hajala tangu asubuhi. Anataka nikuulize swali moja tu. Umesikiliza?"

SEHEMU YA TATU

Alidanganya. Alisema fundi bado anatafuta pedi.

Kesho yake alfajiri waliondoka kwa pikipiki mbili, kwa sababu Papa Fundi aligoma kuachwa. Alisema kaseti imeungwa kwa mkono wake na ikikatika njiani hakuna mwingine wa kuiunga, jambo ambalo ni kweli, lakini sababu halisi kila mtu aliijua. Redio aliipakata kifuani kama mtoto mchanga.

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni zaidi ya kilomita mia moja kuelekea mashariki, na mwezi wa pili hazihesabiwi kwa kilomita. Zinahesabiwa kwa mashimo, kwa magogo yaliyowekwa badala ya daraja, kwa mahali pa kushuka na kusukuma. Nitawaruka na matope yao. Walifika usiku, wekundu kuanzia kwenye nywele.

Kabambare ni mji unaojua kumshika mtu. David Livingstone, ambaye katika daftari zake aliuandika Bambarre, alifika mwaka 1869 akidhani atapita tu. Vidonda vya miguu vikamlaza huko miezi na miezi. Mwanamke wa simulizi hii alishikwa miaka sitini, na hakuwa na kidonda cha kuonekana.

Bibi alikuwa ameketi barazani, taa ya sola kando yake, mwanawe amesimama nyuma. Alimtazama mjukuu, akamtazama mzee mgeni mwenye redio, akaelewa.

"Umesikiliza."

"Ndiyo, Koko."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka ulipocheka."

Bibi aliomba maji, akanywa. Kisha akasema na mwanawe, si na mjukuu.

"Kaa chini, baba. Siri ya mtungi aijuaye kata. Leo kata imechoka."

Mumewe, alisema, alikuwa karani wa kupima pamba, na gitaa alilijua kuliko mizani. Julai 1964 Simba walipouchukua mji wa Kindu na huku kusini, walitafuta watu wanaojua kusoma na watu wanaojua kuimba. Yeye alikuwa vyote viwili. Hakuulizwa. Serikali ilipoirudisha Kindu mwezi wa kumi na moja, upepo ukageuka, na kila aliyewahi kuonekana nao akawa wa kusakwa, awe alibeba bunduki au alibeba gitaa. Usiku mmoja akagonga dirisha. Walizungumza mpaka karibu na alfajiri, wakaafikiana: mtu aliyekwisha kufa hasakwi.

"Nikapiga yowe asubuhi," alisema bibi. "Nililia kweli. Mnadhani niliigiza? Nilikuwa na miaka kumi na minane, mtoto kifuani, na mume wangu anatembea kwa miguu kwenda ziwani."

Mume alivuka ziwa mpaka Kigoma. Miaka ikapita bila neno. Mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja wa vitenge akapita Kabambare, akamwachia ujumbe: kuna mtu anamngoja Kasongo. Bibi akaaga kwamba anakwenda hospitali. Akamkuta mumewe amepangisha chumba, ana redio-kaseti mpya na santuri moja, na jina jingine. Alipanga kumhamisha mkewe na binti yao, wavuke wote.

"Na ulikataa?" aliuliza mjomba. Ilikuwa mara ya kwanza kusema.

"Mama yangu mzazi alikuwa kipofu ndani ya nyumba hii. Ningemwachia nani? Nilimwambia nenda, nitakuja akishafumba macho. Alifumba macho baada ya miaka tisa. Na wewe nilikuwa nimeshakubeba bila yeye kujua. Kila walipokutukana nilitaka kuwapigia kaseti hii barabarani. Lakini ningeipiga, wangejua kwamba nilizika hewa, na sadaka ya arobaini walikula wote." Akacheka, mkoromo ukatoka. "Tungeanza kurudishiana wali."

Mjomba hakucheka. Mtu wa miaka arobaini na mitano alikuwa amekaa sakafuni.

Hapo ndipo kijana wa pikipiki alipokohoa mlangoni. Alikuwa ametoka juu kwenye kilima, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

"Mama mkubwa, mnisamehe. Jana kule Kasongo nilirekodi kidogo. Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa kuwa wimbo ulikuwa mtamu. Wao wakaituma kwingine. Sasa nimepata jibu."

Akanyoosha simu. Ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu, kutoka namba inayoanza na +255. Tanzania.

Gitaa. Tuni ile ile. Halafu sauti ya mwanamume, nyembamba, yenye kujiamini, ikiimba jibu la Kasongo neno kwa neno, na kusita pale pale pa kugeuza santuri. Papa Fundi alijikuta ameshika kichwa. Mjukuu alimtazama bibi yake akitarajia machozi.

Bibi alikuwa anatikisa kichwa.

"Siye," alisema. "Huyu ni kijana. Sikieni pumzi zake. Huyu hajafika hata miaka thelathini."

Wimbo uliendelea. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kisha mwimbaji akaingia ubeti wa tatu, ambao haumo kwenye santuri ya Nairobi na haumo kwenye kaseti, upande wa A wala wa B. Bibi aliinuka. Hakuwa amesimama bila fimbo tangu mwaka jana.

"Zima. Hapana, acha. Acha!" Mkono wake ulimshika mjomba begani. "Huo ubeti haukurekodiwa. Utepe ulikuwa umeisha. Aliniimbia mlangoni, alfajiri anaondoka, tukiwa wawili peke yetu. Sijawahi kumwimbia mtu. Huyu mtoto kaupata wapi?"

Ujumbe haukuwa umekwisha. Gitaa liliwekwa chini, na yule kijana wa ng'ambo akasema kwa Kiswahili cha Kigoma: "Samahani, ndugu. Naomba kujua huyo mwanamke anayecheka ni nani. Kuna mzee hapa amesikia kicheko hicho mara moja, akasimama, na tangu jana anafunga mizigo."

Mjomba alichukua simu, akabonyeza namba. Iliita. Ikaita tena. Ilipopokewa, aliyesema "halo" hakuwa kijana, wala hakuwa mwanamume.

*Itaendelea Jumamosi ijayo. Mwenye kaseti za zamani kabatini asizirekodie juu kabla hajasikiliza upande wa B.*